Desemba, Sanduku na Usalama Wetu
(Mazungumzo ya Kamati kwa wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)





Tulianza kina mama 14 chini ya mwembe, na sanduku moja la mbao lenye kufuli tatu, na daftari moja la hisa ambalo karatasi zake zililoa mvua wiki ya pili tu. Leo tuko 31. Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii Mweka Hazina ameshazisoma, na wageni mmepiga makofi, tunashukuru. Sisi wa Kamati tumepewa jambo ambalo halina makofi. Tumepewa kuzungumza juu ya sikukuu.

Mtu atauliza, jamani, sikukuu nayo ina mazungumzo gani? Unasuka nywele, unapika pilau, watoto wanavaa nguo mpya, mnakwenda kanisani, au mnatembelea jirani kama ni Idd, mambo yamekwisha. Ni kweli. Lakini kikundi hiki kina daftari la pili ambalo wageni hawalijui. Si la fedha. Tunaliita daftari la matukio, tulilianza mwaka wetu wa nne, na humo tunaandika kila jambo baya lililompata mwanachama: kuibiwa, kupigwa, kukamatwa, kudaiwa kwa nguvu, kupotelewa na mtoto. Tulipokuwa tunaandaa kijitabu hiki tulilisoma lote tangu mwanzo. Zaidi ya nusu ya kurasa zake zina tarehe za kati ya katikati ya Desemba na wiki ya kwanza ya Januari.

Sababu mnaijua wenyewe. Desemba ndiyo tunavunja mzunguko na kugawana. Mwaka mzima mwanamke anaweka elfu tano, elfu kumi, anauza dagaa pale Mwaloni, anauza maandazi Buzuruga, anashona, anafua nguo za watu. Halafu siku moja anashikishwa laki nne, laki sita, nyingine hata milioni. Na siku hiyo mtaa mzima unaijua. Mwizi anaijua, mdai anaijua, wifi aliyekuja kutembea kutoka kijijini anaijua, na mwenye nyumba naye anaijua. Sisi wenyewe ndio tuliowaambia, kwa vigelegele!

Sasa tutaeleza lile lililotufanya tuanze hilo daftari. Mwenyewe yupo hapa leo, na ametupa ruhusa, ila tusimtaje jina. Tulimwuliza mara mbili. Akasema semeni, maana na mimi ningelisikia mapema ningejua la kufanya.

Mwaka wetu wa nne tuligawana tarehe 23 Desemba, jioni, uani kwa mwenzetu mmoja. Tulihesabu fedha kwa sauti, kila mtu na jina lake na kiasi chake, na kila kiasi kilipotajwa tukapiga vigelegele. Watoto walikuwa wamekaa ukutani wanasikiliza. Mwenzetu huyu alipata shilingi 640,000. Alikuwa na mpango wake, tulishauzoea kwa sababu aliusema kila Jumamosi: cherehani, na sare za watoto watatu. Akaondoka peke yake, giza limeingia, fedha amezifunga kwenye ncha ya kanga.

Saa nane za usiku aligonga kwa Mwenyekiti wetu. Mkono umevimba, mdomo umepasuka. Mume alirudi amelewa, akadai zile fedha zote, mama akasema nusu chukua, nusu ni ya sare. Mengine mnaweza kuyamaliza wenyewe. Mwenyekiti akatuma mtoto atuite, tukafika watano. Sasa sikilizeni tulichofanya. Tulichemsha maji, tukamkanda. Tukamwambia, vumilia mwenzetu, kesho ni mkesha wa Krismasi, usiiaibishe nyumba yako mbele ya wakwe. Alfajiri tukamsindikiza, tukamrudisha mlangoni kwake kwa mkono wetu.

Hatukwenda polisi. Hatukwenda hospitali hadi siku ya nne, mkono ulipokataa kushuka, na huko akaambiwa mfupa umevunjika. Mwezi Februari alipopata nguvu ya kwenda kwenye Baraza la Usuluhishi, aliulizwa: una PF3? Hana. Una cheti cha daktari cha siku ile? Hana. Kuna mtu aliyeandika chochote? Hakuna. Tulikuwepo watano na hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu, sisi tunaojisifu kwamba hatupotezi hata shilingi mia kwenye vitabu vyetu. Mume akasema alianguka. Jambo likaisha hivyo. Cherehani ilikuja kununuliwa baada ya miaka miwili, kwa mkopo.

Hatukusema haya ili kumwaibisha mtu. Kama kuna aibu ni yetu. Neno "vumilia" tulilitoa katika kikundi hiki mwaka uliofuata, na katiba yetu ina kifungu kinachosema mwanachama akigonga usiku hatarudishwa alikotoka mpaka yeye mwenyewe aseme anataka kurudi.

Baada ya hapo tulimwomba mwanasheria aje atufundishe. Tulikuwa tunajua Mwanza hapa lipo shirika la Kivulini, ambalo tangu mwaka 1999 linashughulikia haki za wanawake na ukatili wa majumbani, na tangu mwaka 2017 nchi ina Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayompa mtu asiye na uwezo njia ya kupata msaada bila kulipa. Kwa hiyo mwanamke asiseme sina fedha za wakili. Tulikaa siku mbili na madaftari yetu, na tuliyoyasikia mengine yalitushangaza kwa jinsi yalivyo ya zamani.

Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971. Wengine wetu hapa tulikuwa hatujazaliwa. Sheria hiyo inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inasema vingine. Inasema mke ana haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Yaani ile hisa yako kwenye sanduku ni yako, kuolewa hakukuifanya iwe ya mwingine. Inasema pia kwamba ni wajibu wa mume kumtunza mke na watoto kwa kadiri ya uwezo wake. Fedha za mke kuonekana si sababu ya yeye kuacha kutoa. Na nyumba ya familia, hata kama hati ina jina la mmoja tu, huyo mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa bado ipo. Hili la nyumba lishikeni sana, maana Desemba ndiyo watu wanasainishana karatasi baa.

Kina baba msinune. Sheria hiyo hiyo inawalinda na ninyi. Kuna baba mmoja hapa aliokoa nyumba yake kwa kifungu hicho, na aliyetaka kuiweka rehani alikuwa mke. (Kicheko.)

Basi, likitokea la kupigwa, utaratibu wetu sasa ni huu. Aliyeumia sana anakwenda hospitali kwanza, mwingine anakwenda polisi kufuata PF3, ambayo haiuzwi, ni bure. Asiyeumia sana anaanzia polisi, aombe Dawati la Jinsia na Watoto. Asioge wala asifue nguo kabla, hasa kama ni jambo la kuingiliwa kwa nguvu, hata kama moyo unamtuma kujisafisha. Na mmoja wetu anaandika: tarehe, saa, aliyekuwepo, alichosema, alivyoonekana. Kiswahili cha kawaida, hakuna haja ya maneno makubwa. Kuandika si lazima kufikishe jambo mahakamani. Mwenyewe ndiye ataamua, hata baada ya miezi. Ila akiamua, awe na karatasi.

Tuseme pia juu ya utulivu, maana sheria inakuja baadaye, maneno yanaanza mapema. Ugomvi mwingi wa sikukuu tuliouandika ulianza na fedha kuzungumzwa wakati mmoja amelewa, au mbele ya wageni. Wifi anasema, "Kaka, mbona mkeo anavaa kitenge kipya na mama kijijini hana hata sukari?" Hapo moto umewashwa. Wazee wa hapa ziwani wanajua, wimbi huli­kabili kwa ubavu wa mtumbwi. Wanachama wetu wengi wamejifunza kujibu jambo moja tu: "Tutalizungumza kesho asubuhi." Siyo ndiyo, siyo hapana. Wanakwenda jikoni kugeuza pilau. Kesho asubuhi pombe imetoka, wageni wamelala, mnakaa wawili na kuandika mahitaji: sare, madaftari, kodi ya nyumba, mbolea, sukari ya mama. Na tangu mwaka wa sita tunawaalika waume kwenye mkutano wa Novemba, tunawaeleza mgawo unavyohesabiwa. Wanaokuja wanasaidia. Walio wakali huwa hawaji, hilo nalo tumeliona, na kwa hao mwanamke ajue mapema atalala wapi. Kuondoka nyumbani saa tatu usiku ukiwa na viatu miguuni ni afadhali kuliko kuondoka saa nane bila viatu.

Haya, tuje kwa wadai.

Mnayo majina yenu ya mikopo hii, kausha damu, na jina limefaa. Novemba inapoingia, mtu anataka kuanza sikukuu kabla ya mgawo. Anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, au anabonyeza simu, anapewa laki mbili kwa dakika kumi, na anaacha kadi ya benki na namba yake ya siri, au kitambulisho cha NIDA, au anasaini karatasi ambayo nusu yake haijaandikwa. Wanachama wenzetu, karatasi tupu haisainiwi hata kama aliyeileta ni mchungaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018. Mkopeshaji wa biashara lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu iliweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji hao, asilimia 3.5 kwa mwezi. Huyu anayetaka laki mbili zirudi laki tatu mwezi mmoja, pigeni wenyewe hesabu ni asilimia ngapi. Mwombeni leseni muione. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zinafanya kazi bila idhini. Hizo ndizo zilizokuwa zinatuma ujumbe kwa wakwe na wachungaji wa watu kwamba fulani ni tapeli. Benki Kuu ina tawi lake hapa hapa Mwanza na malalamiko wanayapokea.

Sheria hiyo hiyo inavihusu vikundi kama chetu, daraja la nne, tunaosajiliwa kupitia halmashauri. Tulihangaika na usajili ule, Bibi Maendeleo ni shahidi, alitukuta tunalia ofisini. Lakini kikundi kisichosajiliwa kikiibiwa sanduku, kinaanzaje kueleza kwamba sanduku lilikuwa lake?

Mwaka wa saba, tarehe 24 Desemba, mwenzetu mmoja alikamatwa. Alikuwa anadaiwa na mkopeshaji wa mtaani, na mkopeshaji yule alikuwa na rafiki kwenye kituo kimoja, hatukitaji. Akachukuliwa saa nne asubuhi, mbele ya wateja wake wa vitumbua. Sasa angalieni ujanja wa tarehe. Tarehe 25 mahakama hazikai. Tarehe 26 hazikai. Na mwaka ule baada yake zilifuata Jumamosi na Jumapili. Mtu anaingizwa mahabusu mkesha wa Krismasi kwa sababu anayemdai anajua ndugu watalipa chochote ili mama yao asile sikukuu ndani.

Safari hii hatukukanda mtu kwa maji ya moto. Tulikwenda wawili, si kumi, maana kumi wakiingia kituoni inaitwa fujo. Tulivaa vizuri. Tulisalimia. Mmoja alikuwa na daftari. Tukauliza kwa upole: mwenzetu anatuhumiwa kosa gani? Askari akasema deni. Tukasema, afande, tunaomba kufahamishwa, deni ni kosa la jinai kwa sheria gani? Maana deni la kukopeshana ni la madai, mdai anakwenda mahakamani na mkataba wake, polisi hawakusanyi madeni. Akanyamaza kidogo. Akasema kuna tuhuma za wizi wa kuaminiwa. Tukaandika, na saa tukaandika. Tukasema basi tunaomba dhamana.

Hapo ndipo sheria ilipotusaidia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema mtu aliyekamatwa bila hati, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo achunguze jambo lake na amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likiwa zito. Sikukuu haijasimamisha sheria hiyo. Ndipo inapohitajika hasa. Na dhamana ya polisi ni bure. Mtu mmoja pale akatuambia kuna gharama ndogo ya kufungua jalada. Tukasema sawa afande, tutalipa sasa hivi, tunaomba risiti. (Kicheko, makofi.) Gharama ikapotea. Saa kumi na moja jioni mwenzetu alitoka, wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua ya Mwenyekiti wa Mtaa. Mzee, tunakushukuru tena, uliacha kinyozi nusu kichwa ukatuandikia.

Yapo mambo matatu tuliyoyasikia kwa mwanasheria ambayo yalitupa nguvu siku ile. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Mtu halazimiki kusaini maelezo ambayo hakusomewa au hayakubali. Na ana haki ya ndugu, rafiki au wakili wake kujulishwa alipo. Lakini jambo la nne ni letu wenyewe: usimtukane askari, usimvute shati, usimwahidi chochote. Askari wengi ni watoto wa kina mama kama sisi, nao wako kazini siku ambayo wenzao wanakula wali. Ukizungumza naye kama mtu, mara nyingi atakujibu kama mtu. Deni lenyewe, tusifichane, lilikuwepo kweli, na mwenzetu alilimaliza kwa awamu kufikia Aprili, kwa riba ya halali.

Sasa ziwa.

Nusu yetu hapa kwao ni ng'ambo ya maji. Wanaokwenda Sengerema na Geita wamepumzika na foleni ya kivuko tangu tarehe 19 Juni 2025, daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa. Lakini wa Nansio, wa Ukara, wa Ilugwa, wa visiwa vya Muleba, wao bado ni maji, na Desemba kila mtu anataka kufika kabla ya mkesha. Mvua za vuli nazo zipo, ziwa linageuka ukiwa katikati.

Hatuhitaji kuwahadithia sana. Makaburi ya MV Bukoba yako Igoma, wengine mnapita hapo kila siku mkienda sokoni. Ilikuwa tarehe 21 Mei 1996, meli imebeba kuliko uwezo wake, imekaribia kabisa Mwanza, na watu zaidi ya 800 walipotea. Ukasema hilo limepita, halitarudi. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa watu 101 kilipinduka kimebakiza hatua chache kufika Ukara. Waliokufa walizidi 220. Ilikuwa siku ya soko tu, hata sikukuu haikuwa. Mama mmoja kati yetu alizika Ukara watu wa nyumba tatu. Tangu siku hiyo akifika mwaloni akakuta boti imejaa, anakaa chini juu ya mzigo wake na kungoja, hata wakimcheka. Amewahi kulala Kisorya na watoto wanne na kuku wawili. Alifika Krismasi saa saba mchana, kuku wakiwa hai.

Tunaomba tuige ukaidi huo. Boti isiyo na jaketi okozi, usipande. Likiwepo, livae, usilikalie. Tumeona watu wanalifanya mto. Mtoto avalishwe kabla ya mama. Jina liandikwe kwenye orodha ya abiria, jina la kweli, na la mtoto pia, maana mwaka 2018 ndugu walitafutana kwa sura. Chombo kikikaribia gati, msikimbilie upande mmoja. Nahodha akiwa amekunywa, msione haya kusema. Ukaguzi wa vyombo ni kazi ya TASAC, lakini mkaguzi hayupo kila mwalo saa kumi na mbili asubuhi, na wewe upo.

La watoto tutalipitia haraka kwa kuwa wahusika wengi wako nje wanasubiri soda. Ni habari ya disko toto. Tarehe 1 Oktoba 2008, sikukuu ya Idd, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi mmoja pale Tabora. Walitolewa nyumbani wamependeza, wamepewa shilingi mia tano tano. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto kuingia disko wala baa. Kwa hiyo anayewakusanyia watoto muziki ukumbini anavunja sheria, na wewe unayempa mtoto nauli unamsaidia. Watoto wa kikundi hiki tunawachezesha hapa hapa uani, mchana, milango wazi. Mtoto ajue jina kamili la mama, mtaa, na namba moja ya simu kwa kichwa. Namba 116 ni ya kutoa taarifa za watoto, 112 ni polisi, 114 ni zimamoto. Usiku wa mwaka mpya, kuchoma matairi na kulipua baruti barabarani polisi hukataza kila mwaka, na kila mwaka kuna kijana wa mtu anakamatwa. Asiwe wa kwetu.

Na simu. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" huongezeka siku za mgawo, sijui nani anawaambia. Ukiupata, usijibu, utume kwenda 15040. Bonyeza pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mwenzetu mmoja alikuta saba, wakati yeye ana kisimu kimoja cha tochi.

Mwisho tunawakumbusha utaratibu wa mgawo wa mwaka huu, ambao mkutano wa Oktoba uliupitisha. Tarehe hatuitangazi hapa mbele ya vipaza sauti, kila mmoja ataambiwa na kiongozi wa kundi lake la watu watano. Itakuwa siku ya kazi, asubuhi, benki zikiwa wazi. Anayetaka kwenye simu au akaunti atawekewa huko, anayetaka mkononi atasindikizwa na wawili hadi mlangoni kwake. Viasi vitasomwa kwa namba ya mwanachama, si kwa jina, na vigelegele tutavipigia kwenye pilau. Robo ya kila mgawo inabaki sandukuni hadi tarehe 5 Januari kwa ajili ya sare na madaftari, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa au msiba. Atakayekuja kuomba tufungue mapema kwa sababu nyingine, hata kama analia, tafadhali funguo tatu zitakuwa kwa watu watatu wa mitaa mitatu, na mmoja wao anakwenda kwao Ukerewe.

Nyumba za kugonga usiku ni tatu, mnazijua. Taa ya nje haitazimwa kuanzia tarehe 15 Desemba. Wanaosafiri kwa maji waandikishe kwa Katibu jina la boti na siku, na wakifika wapige simu, hata ya kubip. Katibu amekaa pale karibu na birika la chai, na kalamu anayo.